Shangazi wa Kiyeyi

Jumatatu, 2 Septemba

Naliomba radhi daftari hili. Mara ya mwisho kuandika humu ilikuwa juma la matanga ya Mzee Oundo, mume wangu, na tangu hapo limelala sandukuni pamoja na dawa ya nondo. Sina kisingizio. Nimewafundisha watoto wa watu Kiswahili hadi nikastaafu, na nimewaadhibu wengi kwa kuacha mistari mitupu. Mtu kama huyo hana ruhusa ya kuacha miaka mitupu. Basi naanza upya.

Niko Kiyeyi, nje ya mji wa Tororo, upande wa Uganda. Nimevuka mpaka wa Busia asubuhi kwa miguu, na sasa mimi ni mwanafunzi. Nimejiandikisha muhula mmoja kwenye kituo cha kanisa kinachofundisha Kipadhola, lugha ya watu wa huku. Tuko watatu darasani: mimi, mtawa mmoja asiyesema neno, na Nuria, muuguzi kijana kutoka Hispania ambaye husema yote. Mwalimu wetu ni Joanita. Kila mwanafunzi hupewa familia ya kuishi nayo, ili akitoka darasani asiikimbilie lugha yake. Nuria ameniambia kuwa kwao pia wanaokwenda kujifunza Kihispania hukaa kwenye nyumba za watu, na wote hurudi makwao wamenenepa. Mimi sikuja kunenepa.

Nimekuja kwa sababu ya Barbara, binti yangu wa pekee. Mwezi wa Julai aliniambia kwamba Desemba watakuja watu kutoka Tororo kumposa. Mwanamume mwenyewe anaitwa Emmanuel. Ni Mpadhola, ana kazi Kampala, na zaidi ya hapo sikuuliza. Kwetu Samia mama hamtazami mkwewe usoni. Hali chakula naye, hampi mkono, wala hawaketi chini ya paa moja. Hivyo ndivyo mama yangu alivyoishi, nami nitaishi hivyo.

Lakini watu wake nitaketi nao. Mpwa wangu alipoposwa na watu wa lugha nyingine, walinong'onezana sebuleni kwetu kwa lugha yao, wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao kama mazuzu. Baadaye tuliambiwa walikuwa wakimcheka kuku tuliyewapikia. Mimi sitachekewa kuku wangu. Nitaelewa kila neno litakalosemwa sebuleni mwangu, na nitajua Wapadhola ni watu wa namna gani kabla sijamtoa mtoto.

Barbara nimemwambia niko Tororo kwa mafunzo ya kanisa. Kituo ni cha kanisa, nami nafunzwa. Wenyeji wangu nimewaambia kwamba mimi ni mjane na mwalimu mstaafu. Mengine hayawahusu.

Jumanne, 3 Septemba

Mbuzi amelala chumbani mwangu. Nimeuliza kwa nini. Wamenijibu kwamba bado ni mdogo.

Jumapili, 8 Septemba

Joanita alitueleza darasani kwamba hapa mtu asiye na ukoo hana pa kukaa katika mazungumzo. Watu hawajui wamtanie au wamheshimu, wampe kigoda au mkeka. Kwa hiyo familia mwenyeji humpa mwanafunzi nafasi yake mbele ya mashahidi, na nafasi hiyo ni ya kweli. Nilidhani ni mchezo wa kuwafurahisha Wazungu.

Leo baada ya kanisa mwenyeji wangu, Herbert Othieno, mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye tumbo kubwa na suruali iliyofungwa kwa kamba, aliwaita kaka zake. Walikizunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu kama ufito wa kuvulia samaki. Povu la kijivu lilikuwa likitokota juu. Walivuta, wakatema kando, wakafuta midomo kwa viganja. Aliyechoka alimpa jirani yake mrija uleule, na jirani akautia kinywani bila hata kuutazama. Mmoja wao alikuwa na kikohozi.

Othieno alisimama. "Huyu ni dada yangu," alisema. "Baba yetu nazaa yeye, yeye napotea Kenya, leo narudi. Kama mtu nauliza, muambie hivyo."

"Napotea miaka yote hiyo, hata salamu hakuna!" akasema mwenye kikohozi.

"Alikuwa nasahihisha mitihani," Othieno akajibu, na wote wakaangua kicheko.

Kisha wakanielekezea mrija. Mimi ni mwanachama wa Umoja wa Akina Mama kanisani, na pombe ilikuwa haijapita kinywani mwangu. Niliitazama ncha ya mrija. Ilikuwa imelowa. Nilitoa leso yangu ya mfukoni, nikaipangusa vizuri, nikavuta kiasi cha kulowesha ulimi. Ilikuwa vuguvugu, chachu, na ilikuwa na vipande. Wanaume wale walicheka leso yangu hadi mmoja akadondosha mrija wake. Nilikuja kujifunza watu hawa hucheka nini. Sasa najua.

Tangu jioni ya leo mke wa Othieno, Patricia Aboth, ananipigia magoti anaponisalimu, kwa kuwa mimi ni dada wa mumewe. Anapiga magoti popote, hata penye mavi ya kuku. Nimemkataza. Amefanya kama hakusikia.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Mbuzi amekula ukurasa wa kitabu changu cha mazoezi.

Jumapili, 15 Septemba

Nayaandika haya ili nisiyaseme kwa sauti.

Othieno huchokoa meno kwa kijiti, kisha hukichomeka kwenye nyasi za paa ili akitumie kesho. Mbwa hulamba sufuria kabla haijaoshwa, na Aboth husema kwamba anamsaidia kazi. Kumbikumbi tunawala na sisi Samia, lakini huwa tunawakaanga. Hapa wanawaokota wakiwa hai, wanawanyofoa mbawa, na wanawatafuna huku miguu ingali inacheza mdomoni. Aboth hupenga kamasi kwa vidole viwili, huzirusha mgombani, hujifuta vidole kwenye gome na kuendelea kusonga ugali. Ndiyo maana kabla ya kula mimi huinusa sahani yangu. Nainusa kwa siri, mtu asione.

Tena kuna choo. Ni shimo lenye magogo mawili yanayoteleza. Magoti yangu ni ya mwanamke wa miaka sitini na minane. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 21 Septemba

Mbegu za karanga za msimu huu zimeishia chunguni. Othieno amekuwa akizipeleka kidogo kidogo kwa mpika pombe, ndani ya kofia, akidhani mkewe haoni. Aboth alinijia akiwa ameshika kofia yenyewe.

"Shangazi ya watoto, wewe ndiyo dada yake. Mimi siwezi kupeleka yeye kwa polisi. Naleta yeye kwako."

Nilimwambia kwamba mimi ni mwanafunzi na mgeni.

"Hapana. Siku ile ulikunywa. Kata kesi."

Basi nilikata kesi. Othieno aliketi chini mbele yangu, mtu mzima na tumbo lake, nami nikamsemesha kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa watoro wa kidato cha pili. Niliamua kwamba mpaka atakapopata mbegu nyingine na kuzipanda, atachota maji ya jikoni yeye mwenyewe, mchana, akipita barabara kubwa.

"Kwa baiskeli?" aliuliza.

"Kwa kichwa."

Aboth alipiga kigelegele. Othieno alinitazama kwa huzuni. "Huyu dada," alisema, "tulifanya makosa kutafuta yeye."

Lakini alikwenda. Nilimwona akirudi na dumu kichwani, kaka zake wakimpigia makofi barabarani. Mtu anayekunywa mbegu yake mwenyewe ni kinyaa kitupu. Kinachonichukiza zaidi ni kwamba nilijisikia vizuri siku nzima.

Jumatano, 25 Septemba

Joanita anasema nasikia vizuri kuliko ninavyosema. Ndilo nililolitaka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Ochwo, mtoto wa kwanza wa Othieno, amefika kutoka Kampala kwa likizo ndefu. Amekuja kuezeka upya jiko la mama yake na kusaidia mavuno. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Hula huku akiongea, hupiga mluzi ndani ya nyumba, na hucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili kama aliyenijua tangu azaliwe.

"Shangazi! Nasikia wewe ndiyo natuma mzee kwa kisima. Kampala nzima tumesikia."

"Kampala hamna kazi," nilimjibu.

"Na leso iko wapi? Mimi nimesafiri kuja kuona hiyo leso."

Nilimwambia kwamba ataiona siku nitakapokuwa nimekufa. Alicheka hadi akakohoa punje za wali mezani. Hata mmoja hakuzipangusa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Ochwo amenitengenezea kiti cha choo. Hakuna aliyemtuma. Alichukua kiti cha zamani cha mbao, akatoboa tundu katikati kwa msumeno, akakipiga msasa. Ili apate kipimo cha tundu aliniambia mbele ya mama yake, "Shangazi, geuka kidogo." Sijawahi kudhalilishwa vile maishani. Nilimwambia akichome moto.

Amekiweka. Nimekitumia. Ni imara.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo Aboth hakupiga magoti.

Alileta chakula, akajifanya anaondoka, akageuka ghafla mlangoni na kunikuta pua yangu iko juu ya sahani.

"Wewe nanusa nini?"

Nilisema ni mazoea tu.

"Tangu ulifika unanusa. Wewe nafikiri mimi sioni? Chakula yangu ni mzoga?"

"Aboth, nimekuambia ni mazoea."

"Mazoea! Haya, mimi pia naambia wewe mazoea yako. Kamasi yako unapenga kwa kitambaa, halafu unakunja vizuri, halafu unaweka kwa mfuko! Unatembea nayo! Unaenda nayo kanisa! Mimi natupa yangu, wewe unaweka akiba. Na kitambaa hiyohiyo ukapangusa mrija ya wanaume. Siku hiyo nilikimbia nyuma ya jiko, nilitaka kutapika. Lakini nikasema, huyu ni mgeni, wacha ninyamaze."

Nimeikunjua leso mezani na kuitazama. Nimeifua kwa sabuni, nikaianika, nikaipiga pasi ya makaa, na bado naiona kama alivyoiona yeye.

Jioni alileta chakula, akasimama palepale akisubiri. Nilikula bila kunusa. Alikuwa ametia chumvi kupita kiasi, na nina hakika alikusudia.

Jumapili, 20 Oktoba

Mto wa bondeni umechukua daraja la magogo. Pikipiki hazifiki. Hakuna darasa. Niko ndani na mvua na mbuzi.

Jumanne, 5 Novemba, hospitalini Tororo

Yafaa niandike yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Homa ilianza kwa baridi. Nilidhani ni mvua. Kufikia Jumamosi alfajiri sikuweza kusimama, na Aboth alipogusa paji langu aliita watu. Hapakuwa na pikipiki iliyoweza kuvuka bonde. Ochwo aliingia chumbani, akachuchumaa, akanipa mgongo.

"Panda, Shangazi."

Nilisema hapana. Nilisema mimi ni mzito, na ni mtu mzima, na si adabu.

"Panda," akasema Othieno, "ama tunafunga wewe kama gunia."

Walinifunga. Aboth alitumia shuka yake mwenyewe, akaipitisha chini ya makalio yangu na kuikaza kifuani mwa mwanawe, kama mama anavyofunga mtoto mchanga. Kule bondeni maji yalimfika Ochwo kiunoni, kisha juu ya kiuno. Othieno alitangulia akipima kina kwa fimbo. Mdomo wangu ulikuwa shingoni mwa kijana yule, ananuka moshi na vitunguu na jasho, na katikati ya maji nilitapika. Nilimtapikia shingoni, yakaingia ndani ya shati, yakashuka mgongoni kati ya mwili wake na wangu.

"Tapika tu, Shangazi," alisema. "Shati ni ya zamani."

Nikatapika tena.

Barabarani tulipata gari la mchele. Hospitalini muuguzi aliuliza nani ni ndugu wa mgonjwa, na Ochwo akasema, "Mimi. Huyu dada ya baba yangu." Alikaa. Alinishikia beseni. Usiku nilijichafua kwa kuhara, wauguzi wakiwa wachache, na asubuhi nilikuta nimebadilishwa shuka na miguu yangu imeoshwa. Nilimuuliza nani ameniosha. Alisema, "Nuria alikuja." Nuria alipofika baadaye nikamshukuru, naye akashangaa. Alikuwa hajafika kabla ya hapo.

Joanita ndiye aliyempigia simu Barbara, kwa namba niliyoiacha kituoni. Barbara alitokea jana mchana, anapumua kwa nguvu, ana mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni mwa wodi. Ochwo alikuwa akininywesha uji, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine uko nyuma ya kichwa changu.

"Emma?" alisema Barbara.

"Babs!"

"Umejuaje Mathe ako hapa? Nani alikushow?"

"Mathe gani?"

"Mamangu! Si huyo!"

Ochwo alinitazama. Alinitazama mara moja tu. Kisha akaondoa mkono wake kichwani mwangu kama aliyegusa sufuria ya moto, kichwa kikaangukia mto wa kitanda, na uji ukamwagika kifuani pangu. Aliugeuzia ukutani uso wake. Akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, ameinama, macho sakafuni, akagonga kitanda cha jirani, akaomba radhi, akatoka.

"Huyo kijana ameona jini?" aliuliza mgonjwa wa jirani.

Nami nilikuwa nimejifunika shuka usoni.

"Nini mbaya na nyinyi?" Barbara alikuwa karibu kulia. "Mama, unamjua Emma?"

"Anaitwa Ochwo," nilisema chini ya shuka. "Ni mtoto wa kaka yangu."

"Kaka yako nani? Mama, wewe huna kaka!"

Hapo ndipo tulipo. Mkwe wangu mtarajiwa amenibeba mgongoni. Nimemtapikia. Amekata kiti kwa kipimo cha makalio yangu, nami nikakikalia. Ameniosha uchafu wangu na kusema uongo ili nisione haya. Namchukia kwa kila moja la matendo hayo, na hakuna hata tendo moja ambalo mtu mwenye akili angemchukia kwalo. Ngozi yangu inanikera. Kama ingekuwa nguo ningeivua nikaiosha.

Jumapili, 10 Novemba

Tangu nitoke hospitali nalala kituoni Tororo. Leo niliitwa Kiyeyi. Ochwo hakuwapo; yuko kwa jirani, kwa kuwa hawezi kuwa mahali nilipo. Jiko la mama yake limebaki na paa nusu.

Nilianza mimi. Niliwaambia Othieno na kaka zake kwa nini nilikuja kujifunza lugha yao.

"Kwa hiyo," alisema Othieno polepole, "ulikuja kusikiliza sisi kwa dirisha."

"Ndiyo."

"Na umesikia nini?"

"Nimesikia kwamba mnakunywa mbegu."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mwenye kikohozi, na yeye kicheko kiligeuka kikohozi mara moja. Niliona walivyonitazama. Nakijua kinyaa nikikiona usoni mwa mtu. Nimekivaa usoni mwangu tangu Septemba.

Kisha wakajadili. Hakuna kati yao aliyewahi kuona jambo kama hili, wala baba zao hawakuwasimulia. Mmoja alisema mimi ni dada yao, kwa hiyo Barbara ni dada wa Ochwo, na mambo yameisha. Mwingine akasema udada huo ulisemwa penye chungu, na kilichosemwa penye chungu kinaweza kufutwa penye chungu.

"Na mgongo?" aliuliza mwenye kikohozi. "Mama mkwe anabebwa kama mtoto. Sasa mzazi ni nani hapo?"

"Mgongo ni kondoo. Unachinja kondoo, mgongo umekwisha."

"Na matapishi?"

Walibishana juu ya matapishi yangu kwa uzito wote, kama wazee wa kanisa juu ya sakramenti. Mmoja alidai matapishi ni ya ugonjwa, hayana hatia. Mwingine alidai yangekuwa bora kama yangeanguka majini. Nilikaa pale, mwanamke aliyeketi kwenye kamati za mitihani, nikisikia kila neno, na hakuna hata moja lililonipita.

Mwishowe Othieno alinieleza kwa Kiswahili, ingawa hakuwa na haja. Ama nabaki dada yao, na Barbara ni mtoto wa nyumba hii, na hakuna ndoa. Ama nakanusha udada penye chungu, natoka langoni kama mgeni asiyejulikana, kondoo anachinjwa kwa ajili ya mgongo, na Desemba watakuja Busia kuposa. Nikichagua hilo mimi ni mama mkwe. Sitakula tena katika boma hili. Sitaketi jikoni na Aboth. Ochwo nikikutana naye njiani, mmoja wetu atashuka barabarani na kuingia majanini, hadi tufe.

"Sisi hatuwezi kufukuza wewe," alisema. "Dada hafukuzwi. Wewe ndiyo ulikunywa, wewe ndiyo nasema."

Aboth alikuwa nyuma ya watu, akisugua sufuria. Mbwa alikuwa amefukuzwa. Sikumwona akiinua macho.

Jumapili, 17 Novemba

Barbara amekuja kituoni. Hakukaa hata kidogo.

"Mama, si wewe ulikuwa unasema mambo ya kienyeji ni ushenzi?"

"Sikusema ushenzi. Nilisema tusiyafuate bila kuyaelewa."

"Basi usiyafuate! Tutaenda kwa DC, tutaoana, imeisha."

"Na utakapojifungua, nani atakuja kukukanda? Nikutane na mumeo mlangoni?"

"Mkutane! Amekuosha miguu, Mama. Ni mwanaume gani mwingine angekuosha miguu?"

"Hilo ndilo tatizo."

"Hilo ndilo jibu!" alifoka, hadi mtawa akafungua dirisha la pili kutazama. Kisha akapunguza sauti. "Emma amesema hatanioa mpaka wewe useme. Hata simu zangu anajibu kwa aibu, ni kama amekukosea wewe. Na mimi bila yeye sitaolewa na mtu mwingine. Nakuambia ujue."

Alikwenda zake. Machungwa ya hospitalini bado yako dirishani, yameanza kuota ukungu.

Nimefikiri. Kama mtu angeniambia mwezi wa Septemba kwamba nikitamka maneno machache penye chungu nitazuiwa milele kula chakula cha nyumba ile, ningeyatamka kabla hajamaliza. Ningemwozesha mtoto na kuepushwa na mbwa, vijiti vya meno na kumbikumbi kwa mkupuo mmoja. Ni zawadi. Nashindwa kueleza kwa nini nimeigeuzageuza juma zima kama samaki nisiyemwamini.

Naweza pia kufanya anavyotaka Barbara: nipuuze yote, nimpe Ochwo mkono mbele ya watu, niseme dunia imebadilika. Lakini kanuni inayolegezwa kwa ajili ya mtoto wa mwalimu haitakuwa kanuni kwa mtu yeyote. Nimewaangusha watoto wa rafiki zangu kwa imani hiyo. Na Othieno na kaka zake hawakunidanganya. Walinipa nafasi, wakaitii wao wenyewe: mtu mzima alibeba maji kichwani kwa neno langu. Nikisema sasa kwamba ulikuwa mchezo, nani atakuwa amemcheka nani sebuleni?

Alhamisi, 21 Novemba

Mtihani wa mwisho. Nimefaulu. Joanita alitaka kunipongeza kwa keki. Sikula.

Alhamisi, 28 Novemba

Othieno ametuma neno kwamba kaka zake hawawezi kungoja zaidi; wanaokwenda Busia lazima wajue kama wanakwenda. Basi leo nimekuja Kiyeyi kutoa jibu. Nilikuwa nimelipanga vizuri, sentensi baada ya sentensi. Mvua ilinikuta langoni.

Othieno alikuwa ametoka kuwaita wenzake. Uwanjani hapakuwa na mtu. Kisha Aboth akatokea mlangoni mwa jiko, chini ya ile nusu ya paa, ameshika sahani iliyofunikwa.

"Chakula iko tayari," alisema.

Nilisimama mahali nilipokuwa.

"Nikiweke wapi?" aliuliza. Alisema kwa lugha yake, si kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa. "Kama wewe ni dada, nakiweka hapa jikoni, tunakula. Kama wewe ni mama wa Barbara, nakipeleka kwa jirani, unakula huko peke yako. Niambie. Mvua inaingia kwenye mboga."

Nilimwambia arudi ndani asilowane.

"Na chakula?"

"Ngoja kidogo."

"Mimi nangoja," alisema. "Ugali haingoji."

Maneno niliyoyapanga yamenitoka. Nimeketi chini ya upenu wa ghala, si jikoni wala si kwa jirani, na ninaandika huku maji yakinidondokea begani. Nimechukizwa na matope haya. Nimechukizwa na ukoo unaoweka mkwe na shangazi katika mwili mmoja kisha ukaniachia kisu. Zaidi ya yote nimechukizwa na tumbo langu, ambalo limesikia harufu ya dagaa wa karanga kutoka chini ya kifuniko kile na linanguruma kama tumbo la mwenyeji.

Aboth bado yuko mlangoni, sahani mkononi. Ananitazama nikiandika. Nitaandika tena nikishaamua, si kabla. Sasa yanipasa ninyanyuke, na nikinyanyuka, hatua ya kwanza itakuwa imeelekea upande mmoja.